Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Baa za Havana na Suala la Umiliki wa Kaunta

Wiki chache zilizopita, katika semina ya historia ya uchumi wa kikoloni, mwanafunzi wangu mmoja kutoka Unguja alisimama na kuuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Kaka yake, alisema, huchanganya vinywaji katika baa ya hoteli moja ya ufukweni. Kwa miaka sita amewatengenezea watalii kokteli za nanasi, ukwaju na tangawizi, na amepigwa picha na wageni wasiohesabika. Lakini hajawahi kukaa upande wa pili wa kaunta ile, na kibarua chake hukatika kila masika, wageni wanapopungua. "Mwalimu," akauliza, "wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona mgeni anakuja kila mwaka na mwenyeji haponi?"

Darasa lilicheka. Mimi nilimwahidi kwamba ningemjibu kwa maandishi, na makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Jibu langu litapitia mbali kidogo, katika jiji la Havana, mji mkuu wa Cuba. Sikuchagua Havana kwa sababu ya umaarufu wa vinywaji vyake tu, ingawa umaarufu huo ni wa kweli: watalii husafiri nusu ya dunia ili wanywe daiquiri katika baa ya El Floridita na mojito katika La Bodeguita del Medio. Nimeichagua kwa sababu, katika muda wa karne moja, jiji hilo limejaribu karibu kila jibu ambalo sisi tunalijadili leo kuhusu utalii. Limejaribu soko lisilo na breki, limejaribu utaifishaji, limejaribu ubia na makampuni ya kigeni, na limejaribu pia kuipa taasisi ya umma baa na hoteli ili faida yake ikarabati nyumba za wakazi. Msomaji asiyekunywa pombe, na najua ni wengi miongoni mwenu, asidhani kwamba ninamwalika kunywa. Sizungumzii halali na haramu. Ninazungumzia kazi, mali na heshima.

Tuanze na kilichomo ndani ya glasi. Daiquiri ni ramu, maji ya ndimu, sukari na barafu. Mojito ni ramu, ndimu, sukari, majani ya nanaa na maji ya soda. Ramu yenyewe hutokana na molasi, yaani uji mzito unaobaki baada ya sukari kutengwa na maji ya miwa. Kwa hiyo, ukiondoa ndimu, nanaa na maji, mtalii anakunywa miwa juu ya miwa. Na historia ya miwa nchini Cuba ni historia ya utumwa. Baada ya watumwa wa Haiti kuanza mapinduzi yao mwaka 1791 na mashamba ya huko kuteketea, wenye mitaji waliigeuza Cuba kuwa shamba jipya la sukari la dunia. Wanahistoria wanakadiria kwamba zaidi ya Waafrika laki saba waliingizwa kisiwani humo wakiwa watumwa, wengi wao katika karne ya 19. Utumwa ulifutwa Cuba mwaka 1886, miaka 11 tu kabla ya kufutwa Zanzibar mwaka 1897. Walichokuwa watumwa wa karafuu kwetu, ndicho walichokuwa watumwa wa miwa kwao.

Mwaka 1862, wakati utumwa ungali hai, mfanyabiashara mzaliwa wa Catalonia, Facundo Bacardí Massó, alianzisha kiwanda cha ramu katika mji wa Santiago de Cuba. Ramu ya zamani ilikuwa pombe kali ya mabaharia na maskini. Bacardí aliisafisha, akaichuja kwa mkaa, akaifanya nyepesi kiasi cha kukubalika katika meza za matajiri. Miaka sita baadaye, tarehe 10 Oktoba 1868, Carlos Manuel de Céspedes aliwaachia huru watumwa wa kiwanda chake cha sukari cha La Demajagua na kutangaza vita vya uhuru dhidi ya Hispania. Viwanda hivyo hivyo vya miwa, basi, vilizaa ramu na vilizaa pia mapambano ya ukombozi.

Uhuru ulipokaribia, aliingia mgeni mwingine. Mwaka 1898 Marekani iliingia vitani dhidi ya Hispania, na mwezi Juni askari wake walishuka katika ufuko mmoja wa mashariki ya Cuba karibu na machimbo ya chuma. Ufuko huo unaitwa Daiquirí. Simulizi inayokubalika zaidi inasema kwamba Jennings Cox, mhandisi wa Kimarekani aliyefanya kazi katika machimbo ya eneo hilo, ndiye aliyekipa kinywaji kile jina la mahali hapo. Kokteli nyingine, ramu iliyochanganywa na Coca-Cola, ilipata jina katika miaka hiyo hiyo ya uvamizi: Cuba Libre, yaani Cuba Huru. Maneno hayo yalikuwa kaulimbiu ya wapigania uhuru. Hebu tutafakari kejeli iliyomo. Cuba ilipotangazwa jamhuri mwaka 1902, katiba yake ilibeba kipengele kilichoandikwa Washington, kijulikanacho kama Marekebisho ya Platt, kilichoipa Marekani haki ya kuingilia mambo ya ndani ya nchi hiyo. Kipengele hicho kilidumu hadi 1934. Uhuru uliagizwa kwenye kaunta kila usiku kwa miaka mingi kabla haujapatikana mitaani.

Kilichoigeuza Havana kuwa jiji la baa, hata hivyo, ni sheria ya nchi jirani. Tarehe 17 Januari 1920 Marekani ilianza kutekeleza marufuku ya kutengeneza na kuuza pombe, marufuku iliyodumu hadi Desemba 1933. Pwani ya Cuba iko takribani maili 90 kutoka Key West, ncha ya kusini ya Florida. Wanywaji walipanda meli. Wenye baa na wachanganyaji vinywaji walioachishwa kazi nao wakavuka bahari. Katika kona ya mitaa ya Zulueta na Ánimas, mhamiaji wa Kihispania, José Abeal, alijaza baa yake ya Sloppy Joe's kwa Wamarekani wenye kiu. Hatua chache kutoka hapo, Mhispania mwingine kutoka Catalonia, Constantino Ribalaigua, aliyekuwa ameimiliki El Floridita tangu mwaka 1918, aliufanya uchanganyaji wa vinywaji kuwa fani kamili, na daiquiri yake iliyosagwa pamoja na barafu katika blenda ya umeme ikavuka mipaka ya kisiwa. Mwandishi Ernest Hemingway, aliyeishi nje kidogo ya Havana tangu 1939 hadi 1960, alikuwa mteja wake mashuhuri. Leo sanamu yake ya shaba imeegemea kaunta hiyo kana kwamba inasubiri glasi nyingine.

Hapa nataka wanafunzi wangu wasimame kidogo, kwa sababu vitabu vya watalii havisimami. Mwaka 1924 wachanganyaji vinywaji wa Cuba walianzisha chama chao, Club de Cantineros. Chama hicho kilikutanisha wanataaluma na kulinda viwango vya kazi yao. Watu hao hawakujiona kuwa vijakazi wa kutabasamu, walijiona mafundi. Kumbukumbu yetu imembakiza Hemingway, aliyekunywa, na imewasahau mamia waliopima, wakakamua na kutikisa. Ni kasoro ile ile tunayoifanya tunaposimulia historia ya Mji Mkongwe kwa majina ya masultani na mabalozi bila kuwataja waliochonga milango.

Fani hiyo, hata hivyo, haikuwa wazi kwa kila mtu. Wahamiaji wa Kihispania walishika sehemu kubwa ya biashara na ajira za mjini, na Wacuba weusi walisukumwa pembeni. Mwezi Novemba 1933 serikali ya Ramón Grau San Martín ilitunga sheria iliyotaka angalau nusu ya waajiriwa wawe raia wa Cuba. Suala la nani anaajiriwa katika sekta inayohudumia wageni, tunaona, si jipya, na halikuvumbuliwa na idara zetu za kazi.

Nyuma ya pazia la baa kulikuwa na mashamba. Mwezi Mei 1920 bei ya sukari ilipanda hadi senti zaidi ya 22 kwa ratili; kufikia Desemba ilikuwa imeshuka chini ya senti nne. Mabenki yalianguka, mashamba yakabadilisha mikono, na mitaji ya Kimarekani ikazidi kujikita. Tena, mavuno ya miwa yalikuwa ya miezi michache tu. Muda uliobaki wafanyakazi wa mashamba waliuita "wakati mfu", kwa kuwa hakukuwa na kazi wala ujira. Msimu wa watalii nao ulikuwa wa majira ya baridi ya Marekani, takribani miezi ile ile ya mavuno. Kwa maneno mengine, utalii haukuziba pengo la sukari. Wakati mashamba yalipolala, na hoteli nazo zilisinzia. Mwanafunzi wangu, ambaye kaka yake hukatiwa kibarua kila masika, atauelewa wakati mfu bila kuhitaji kamusi.

Katika miaka ya 1950, chini ya utawala wa Fulgencio Batista, soko lilifunguliwa bila breki. Sheria ya hoteli namba 2074 ya mwaka 1955 ilimpa leseni ya kasino mtu yeyote aliyewekeza dola milioni moja katika hoteli, au dola laki mbili katika klabu ya usiku. Wakuu wa magenge ya Kimarekani waliingia mlango wa mbele. Hoteli ya Riviera ya Meyer Lansky ilifunguliwa Desemba 1957. Wakati huo huo, sensa ya mwaka 1953 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne hakujua kusoma wala kuandika, na hali ya vijijini ilikuwa mbaya zaidi.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii yote. Mwaka 1958 hoteli ya Habana Hilton, yenye ghorofa 25, ilifunguliwa katika mtaa wa Vedado. Jina lilikuwa la Hilton, na uendeshaji ulikuwa wa Hilton. Lakini mmiliki alikuwa nani? Hoteli hiyo ilijengwa kama kitega uchumi cha mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa mahoteli, mikahawa na baa wa Cuba. Naam, makato ya wapishi, wahudumu na wachanganyaji vinywaji ndiyo yaliyosimamisha jengo lile. Kwa hesabu za vitabu, mtu aliyekuwa akitikisa daiquiri alikuwa mmiliki mwenza wa jumba la kifahari. Kwa hali halisi hakuwa na sauti juu ya kasino iliyomo ndani, wala juu ya nani alijadiliana na Hilton kwa niaba yake. Uongozi wa vyama vya wafanyakazi wakati huo ulikuwa umefungamana na Batista. Alikuwa na mali bila kuwa na mamlaka.

Mwezi Januari 1959 wanamapinduzi waliingia Havana, na Fidel Castro akaifanya hoteli hiyo makao yake makuu ya muda. Baadaye ikaitwa Habana Libre, Havana Huru. Watu waliokuwa na hasira walivamia kasino na kuvunja mashine za kamari, na serikali mpya ilitaka kuzifunga kabisa. Waliopinga ni wafanyakazi wenyewe! Waligawa kadi, walihudumia meza, walichanganya vinywaji. Kasino zikifungwa, watoto wao wangekula nini? Mwezi Februari 1959 kasino ziliruhusiwa kufunguliwa tena kwa ajili ya wageni, kabla ya kufungwa moja kwa moja baadaye. Wanaharakati wanaosoma ukurasa huu wasiipite aya hii haraka. Kulaani sekta ni rahisi kwa asiyekula kutokana nayo.

Oktoba 1960 serikali ilitaifisha mamia ya makampuni, Bacardi ikiwemo, na familia yenye kampuni hiyo ikaendelea kutengeneza ramu ng'ambo. Vikwazo vya Marekani vilikamilishwa mwaka 1962 na watalii wakakauka. Machi 1968 serikali ilitwaa biashara ndogo binafsi zaidi ya 50,000, na baa nyingi zikafungwa. Sloppy Joe's ilifungwa katika muongo huo na haikufunguliwa tena hadi 2013. Je, mchanganyaji vinywaji alimiliki kaunta sasa? Kwa nadharia, ndiyo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa cha umma. Lakini chama chake huru cha ufundi kilikuwa kimezimika, na wateja wake wengi hawakuwepo tena. Nisieleweke vibaya: ni mapinduzi hayo hayo yaliyofuta ujinga wa kusoma kwa kampeni ya 1961 na kujenga huduma za afya ambazo Afrika imefaidika nazo. Ninachosema ni kwamba kubadilisha jina la mmiliki na kumpa mfanyakazi sauti ni mambo mawili tofauti.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Cuba ilipoteza mnunuzi wake mkuu wa sukari, na mgeni akaitwa tena. Mwaka 1993 matumizi ya dola yalihalalishwa, na mwaka huo huo kampuni ya Kifaransa ya Pernod Ricard iliingia ubia na dola ya Cuba kuuza ramu ya Havana Club duniani. Katikati ya muongo huo utalii ukaipita sukari kwa kuingiza fedha za kigeni. Nchi ikawa na sarafu mbili, moja ya mishahara na nyingine ya mambo ya kitalii, mfumo uliodumu hadi Januari 2021. Hadi mwaka 2008 raia wa kawaida hakuruhusiwa kulala katika hoteli za watalii za nchi yake. Mwanzoni mwa karne hii mshahara wa mwezi wa daktari ulikuwa sawa na dola 20 hadi 30 hivi. Glasi chache za daiquiri pale Floridita zingeumaliza. Matokeo yake yalitabirika: walimu na wahandisi wakaacha kazi zao na kwenda kuendesha teksi na kuhudumia baa, kwa sababu bakshishi ya mgeni mmoja ilizidi ujira wa siku nyingi. Sukari yenyewe iliporomoka. Nchi iliyovuna takribani tani milioni nane mwishoni mwa miaka ya 1980, katika msimu wa 2022/23 ilivuna chini ya tani nusu milioni, na imelazimika kuagiza sukari kutoka nje.

Katikati ya dhiki hiyo lilizuka jaribio moja ambalo watumishi wa umma wa Zanzibar, Lamu na Mombasa wangefaa kulisoma kwa makini. Havana Kongwe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1982, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar ulivyoingizwa mwaka 2000. Majengo yake yalikuwa yakianguka, na serikali haikuwa na fedha. Mwaka 1993 Ofisi ya Mwanahistoria wa Jiji, iliyoongozwa na Eusebio Leal, ilipewa mamlaka ya kuendesha biashara katika eneo la kihistoria na kutumia mapato papo hapo. Ofisi hiyo iliunda kampuni iitwayo Habaguanex iliyoendesha hoteli, mikahawa na baa. Faida ikakarabati makanisa na makumbusho, lakini pia nyumba za wakazi, shule na makazi ya wazee na kina mama wajawazito. Hapa fedha ya mojito ilikuwa na njia fupi inayoonekana kutoka kwenye kaunta hadi kwenye paa la jirani. Mpango ule ulikuwa na dosari, na baadhi ya wakazi walihamishwa. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilihamishiwa chini ya shirika kubwa la biashara la jeshi, na njia ile fupi ikaingia gizani.

Turejee nyumbani. Sisi nasi tuna historia yetu ya glasi na mlango. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na kwa miongo mingi sheria za kikoloni katika nchi zetu zilimruhusu Mzungu kunywa kile alichokatazwa Mwafrika aliyemmiminia. Kule Unguja, jengo lililokuwa Klabu ya Kiingereza, mahali pa Wazungu kupunga upepo, leo ni hoteli ambayo baa yake hujaa wageni wanaotazama jua likizama. Sheria ya rangi imeondoka. Bei imebaki mlangoni ikifanya kazi ile ile kwa adabu zaidi.

Havana inatufundisha nini, basi? Kwanza, idadi ya wageni si kipimo cha kupona kwa mwenyeji. Jiji lile lilijaa mwaka 1957, na likajaa tena miaka 60 baadaye, bila swali la mwanafunzi wangu kujibiwa. Pili, umiliki wa karatasi, uwe wa mfuko wa pensheni au wa taifa zima, hautoshi pale mfanyakazi asipokuwa na sauti katika uendeshaji. Tatu, fedha hufika kwa jamii pale tu sheria inapoichorea njia fupi, na pale wananchi wanapoweza kuikagua njia hiyo kila mwaka.

Nimalizie kwa methali yenyewe. Katika desturi zetu mwenyeji hupona mgeni anapofika kwa sababu siku hiyo kuku huchinjwa, na mwenyeji na watoto wake hula katika sinia lile lile. Kupona kulitokana na kula pamoja, na wahenga hawakuwahi kusema kwamba mgeni ale ukumbini huku mwenyeji akisubiri makombo jikoni. Kwa hiyo, kijana wangu, ukirudi nyumbani likizo hii, mwulize kaka yako mambo matatu. Jengo analofanyia kazi ni mali ya nani, na ardhi yake ilipatikanaje? Makato yake ya hifadhi ya jamii yanapelekwa kweli, na anaweza kuyaona? Na ndimu, nanasi na tangawizi anazokata kila jioni, zimetoka shamba la nani? Niletee majibu hayo muhula ujao. Tutaanzia hapo.